Je, Berthe Morisot Alikuwa Mwanafunzi wa Manet?

Swali: Mimi ni mwalimu wa somo la sanaa katika shule ya sekondari jijini Mwanza. Nikiandaa somo kuhusu wachoraji wa Ufaransa wa karne ya 19 nimekutana na jina la Berthe Morisot, lakini kitabu nilicho nacho kinamtaja kwa mistari miwili tu: kwamba alikuwa mwanafunzi na shemeji wa Édouard Manet, na kwamba alichora akina mama na watoto. Wanafunzi wangu wa kike wameniuliza kama hayo ndiyo yote. Naomba unisaidie.

Jibu: Mwalimu, nakushukuru kwa swali lako, na tafadhali uwafikishie wanafunzi hao shukrani zangu, maana wamegusa penyewe. Katika mistari miwili ya kitabu chako limo jambo moja la kweli, moja lisilo la kweli, na la tatu ambalo ni kweli iliyokatwa katikati. Shemeji wa Manet alikuwa, kwa sababu mwaka 1874 aliolewa na Eugène, mdogo wake Édouard. Mwanafunzi wake hakuwa hata siku moja. Akina mama na watoto aliwachora, lakini kitabu kinachoishia hapo hakisemi aliwachoraje, na Morisot yote imo katika hilo neno “aliwachoraje”.

Nianze na uanafunzi. Berthe Morisot alizaliwa tarehe 14 Januari 1841 mjini Bourges, katikati ya Ufaransa, ambako baba yake alikuwa mkuu wa mkoa. Baadaye familia ilihamia Passy, kitongoji ambacho leo kimemezwa na jiji la Paris, na mwaka 1857 mama yao akawatafutia mabinti zake mwalimu wa kuchora, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba zenye nafasi, ambako binti alifunzwa kuchora kidogo na kupiga piano kidogo ili aonekane amelelewa. Dada mkubwa, Yves, aliacha mapema. Edma na Berthe hawakuacha. Mwalimu wao wa pili, Joseph Guichard, alipoona mikono yao alimwonya mama yao kwamba mabinti wenye vipaji vya namna hiyo hawatabaki wasichana wa kuchorachora sebuleni. Watakuwa wachoraji kamili, na kwamba katika tabaka lao jambo hilo litakuwa mapinduzi, hata pengine maafa. Mama alilisikia onyo hilo akaendelea kulipa ada. Huwa naona kwamba historia ya sanaa ina deni kwa mama huyu.

Onyo la Guichard lilikuwa na maana nzito, kwa sababu École des Beaux-Arts, chuo cha serikali kilichowafungulia wachoraji milango ya tuzo na kazi, hakikuwapokea wanawake hadi mwaka 1897, miaka miwili baada ya Morisot kufariki. Njia iliyobaki ilikuwa kulipia mwalimu binafsi na kwenda katika jumba la makumbusho la Louvre kunakili kazi za mabingwa wa zamani, tena binti asiende peke yake bali asindikizwe na mtu mzima. Kuanzia mwaka 1858 akina dada hao walikuwa miongoni mwa wanakili wa Louvre. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 walianza kufundishwa na Camille Corot, mchoraji mashuhuri wa mandhari, ambaye aliwatoa ndani ya chumba na kuwapeleka nje, penye miti, maji na mwanga unaobadilika kila dakika. Mwaka 1864, Berthe akiwa na umri wa miaka 23, picha zake mbili za mandhari zilikubaliwa katika Salon, maonyesho rasmi ya Paris ambayo kwa mchoraji wa wakati ule yalikuwa ndiyo mlango pekee wa kujulikana. Miaka iliyofuata aliendelea kupeleka kazi huko na kukubaliwa.

Sasa angalia tarehe. Manet alitambulishwa kwake mwaka 1868, ndani ya Louvre, na mchoraji Henri Fantin-Latour. Kufikia siku hiyo Morisot alikuwa na miaka kumi na moja ya kujifunza na miaka minne ya kuonyesha kazi hadharani. Walikutana kama wachoraji wawili, mmoja akiwa mkubwa kwa miaka tisa na mwenye sifa ya kuzusha ugomvi. Aliyekuwa mwanafunzi wa Manet kwa maana halisi ya neno ni mwanamke mwingine, Eva Gonzalès, aliyeanza kufundishwa naye mwaka 1869, na nadhani makosa mengi ya vitabu yanatokana na kuwachanganya wanawake hawa wawili.

Kosa hilo limelishwa pia na picha za Manet mwenyewe. Kati ya mwaka 1868 na 1874 alimchora Morisot zaidi ya mara kumi: ameketi kwenye roshani akiwa na upepeo, amevaa nguo nyeusi na kijishada cha maua ya urujuani kifuani, amejifunika shela. Ni picha za ajabu kwa uzuri, na kupitia hizo watu wengi wanazijua sura na macho ya Morisot kabla ya kuiona kazi yake hata moja. Lakini zipange zote mezani uzitazame: hakuna hata moja ambayo ameshika brashi. Gonzalès, mwanafunzi, alichorwa na Manet akiwa kazini mbele ya kanvasi. Morisot, mchoraji mwenzake, hakuchorwa hivyo. Aliyemchora Berthe amesimama akifanya kazi ni dada yake Edma, kwenye miaka ya 1860, na ningekushauri uwaonyeshe wanafunzi wako picha hiyo kwanza kabla ya zile za Manet.

Kuna tukio moja linaloeleza uhusiano wao kuliko maelezo yangu yoyote. Mwanzoni mwa mwaka 1870 Morisot alikuwa anamalizia picha kubwa ya mama yao akisoma kitabu huku Edma, aliyevaa nguo nyeupe na wakati huo akiwa mjamzito, ameketi kando yake kwenye kochi. Hakuwa na uhakika nayo, akamwomba Manet ushauri. Manet alikuja, akaisifu, akachukua brashi kurekebisha upindo wa gauni la mama, kisha akapanda kifuani, kisha kichwani, kisha nyuma ya kichwa, akicheka na kutania, hakuacha hadi jioni, huku mkokoteni wa kuipeleka picha kwa waamuzi wa Salon ukisubiri mlangoni. Ikachukuliwa ikiwa hivyo. Morisot alimwandikia dada yake kwamba tumaini lake pekee ni picha hiyo ikataliwe. Ilikubaliwa, na leo imo katika jumba la taifa la sanaa mjini Washington. Ukiitazama kwa makini utaona mikono miwili: gauni jeusi la mama limepakwa kwa nguvu na haraka, ilhali gauni jeupe la Edma limejengwa polepole kwa rangi laini za kijivu na samawati zinazoingiliana. Tangu siku hiyo Morisot aliendelea kumheshimu Manet na kumpenda kama rafiki, lakini brashi zake alizilinda.

Zaidi ya hayo, njia ya ushawishi haikuwa ya upande mmoja. Mwaka 1869, alipomtembelea Edma katika mji wa bandari wa Lorient, Berthe alichora bandari hiyo ikiwa na Edma ameketi ukutani, mwavuli mkononi, maji na mbingu vikijaa nuru. Manet alivutiwa sana na picha hiyo, naye Berthe akampa iwe yake. Mwaka 1872 Morisot alichora mwanamke na mtoto kwenye roshani, mtoto akitupa mgongo na kuchungulia jiji kupitia vyuma. Mwaka uliofuata Manet alichora mwanamke na mtoto mbele ya vyuma vya uzio wa reli, mtoto naye akitupa mgongo. Siwezi kuapa kwamba moja ilizaa nyingine, lakini mtu anayeziweka picha hizo pamoja hawezi tena kusema kwamba mawazo yalitiririka kutoka kwa mwalimu kwenda kwa mwanafunzi. Hata rangi za Manet zilizidi kung'aa katika miaka ya 1870, wakati ambapo waliomzunguka, Morisot akiwamo na Claude Monet akiwamo, walikuwa wakichora nje kwenye mwanga.

Ushahidi mzito kuliko wote ni wa mwaka 1874. Monet, Degas, Pissarro, Renoir, Sisley na wenzao, kundi lililokuja kuitwa Waimpreshonisti, walipoamua kuachana na waamuzi wa Salon na kuandaa maonyesho yao wenyewe, Manet alikataa kujiunga, akashikilia kwamba vita vipiganwe ndani ya Salon. Kama Morisot angekuwa mfuasi wake, angemfuata. Yeye alikwenda kinyume chake. Alikuwa na mengi zaidi ya kupoteza kuliko wenzake wengi, kwa sababu Salon ilikuwa inamkubali, baba yake alikuwa amefariki Januari mwaka huohuo, na binti wa familia yenye jina alijiweka hadharani pamoja na watu walioitwa wahuni wa sanaa. Maonyesho yalifunguliwa tarehe 15 Aprili 1874 katika vyumba vilivyokuwa studio ya mpigapicha Nadar, kwenye barabara ya Capucines, nambari 35. Washiriki walikuwa takriban thelathini. Mwanamke alikuwa mmoja. Katika maonyesho manane ya kundi hilo hadi mwaka 1886, Morisot alikosa moja tu, la 1879, kwa kuwa alikuwa ametoka kujifungua. Monet na Renoir walikosa zaidi ya hapo. Mary Cassatt wa Marekani, ambaye mara nyingi hutajwa sambamba naye, aliingia kwa mara ya kwanza mwaka huo wa 1879, na Marie Bracquemond vivyo hivyo. Kwa hiyo ninamwita mwanzilishi wa kundi hilo, kwa maana kamili ya neno: alikuwapo siku ya kwanza, na alibaki.

Matusi hayakukosekana. Guichard, yule mwalimu wa zamani, alimwandikia mama yake akimsihi amwondoe binti miongoni mwa wendawazimu. Machi 1875, Morisot, Monet, Renoir na Sisley walipopeleka kazi zao katika mnada wa Hôtel Drouot, watu walizomea hadi polisi wakaitwa. Hata hivyo picha yake moja ya ndani ya nyumba iliuzwa kwa faranga 480, bei iliyozidi zote za siku ile. Mwaka 1876 mhakiki Albert Wolff aliandika katika gazeti la Le Figaro kwamba kundi lile ni vichaa watano au sita, mmoja wao mwanamke. Eugène alitaka kumdai Wolff wapigane, na ilibidi azuiwe.

Naomba sasa nikae kwenye picha moja, ile niliyoitazama kwa muda mrefu kuliko zote katika jumba la Orsay mjini Paris, nayo ni mojawapo ya zile alizoonyesha mwaka 1874. Inaitwa Le Berceau, yaani susu ya mtoto, na ni ndogo kuliko watu wanavyodhani: sentimita 56 kwa 46. Edma ameketi kando ya susu ambamo binti yake Blanche amelala. Amevaa gauni la giza lenye mistari na utepe mweusi shingoni; mkono wa kushoto umekunjwa, shavu limeegemea kiganjani; mkono wa kulia umeshika ukingo wa shashi inayofunika susu. Mtoto naye amekunja mkono mmoja karibu na kichwa, kana kwamba usingizini anamwiga mama yake. Ukivuta mstari kutoka macho ya mama kwenda uso wa mtoto, unakata picha kutoka juu hadi chini, na shashi ipo katikati ya mstari huo.

Shashi ndiyo kazi yenyewe. Wanafunzi wako wanalala chini ya chandarua kila usiku, wanajua jinsi uso wa mtu unavyoonekana kupitia chandarua: upo na haupo, rangi yake imepungua, kingo zimeyeyuka. Morisot alilazimika kuchora kitu hicho bila kuweka mstari. Kwa mbali unaona kitambaa cheupe. Ukisogea karibu, nyeupe inatoweka: kuna kijivu, samawati hafifu, waridi kidogo upindoni, mipako mirefu na myembamba inayoachia rangi ya chini ionekane. Uso wa mtoto umechorwa kwa alama chache tu, na ungetoa mbili au tatu usingekuwa uso tena. Kisha rudi kwenye uso wa Edma. Huyu ni mchoraji. Kwa miaka kumi na zaidi alichora bega kwa bega na mdogo wake, akaonyesha kazi kwenye Salon pamoja naye, kisha mwaka 1869 akaolewa na afisa wa jeshi la majini aitwaye Adolphe Pontillon, na baada ya hapo karibu aache kabisa. Barua zake za wakati ule zinasikitisha kusoma, kwa jinsi alivyoitamani studio waliyokuwa wakishirikiana. Kwa hiyo mwanamke huyu anayemtazama mtoto wake anatazamwa na dada ambaye hakuacha, na mimi sioni katika uso wake utulivu mtupu. Naona mapenzi, na uchovu, na fikra zilizokwenda mbali. Picha haikupata mnunuzi. Ilibaki katika familia hadi Louvre ilipoinunua mwaka 1930.

Ni kweli basi kwamba alichora nyumba, bustani, watoto, watumishi na wanawake wanaovaa. Mwanamke wa tabaka lake hakuweza kukaa kwenye vilabu vya pombe, nyuma ya jukwaa la tamthilia au mitaani usiku, mahali Degas na Manet walipochota habari zao. Lakini tusiipokee nyumba yake kama mahali pa raha tu. Mwaka 1880 alimchora yaya Angèle akimnyonyesha Julie, binti wa Morisot mwenyewe. Mwanamke mmoja amelipwa kutoa maziwa yake, na mwingine, ambaye ni mama, amesimama mbele yake akifanya kazi yake ya brashi. Wote wawili wako kazini, na majani ya bustani yamechorwa kwa kasi hadi karibu yammeze yule aliyeketi. Mwaka 1875, walipokwenda fungate katika kisiwa cha Wight nchini Uingereza, alimchora Eugène ameketi ndani ya chumba, amegeuka dirishani, akiwachungulia mwanamke na mtoto wanaotembea nje karibu na bahari. Wakati ule mwanamume ndiye alitembea na mwanamke ndiye alichungulia, na Morisot alibadilisha nafasi hizo bila kupiga kelele. Eugène, kwa bahati njema, alikuwa mume wa aina yake: alimsimamia kazi zake, alishughulikia maonyesho, naye Morisot aliendelea kutia saini kwa jina la kwao.

Kuhusu ufundi wake, nitasema lile ninaloliona kuwa la kwake hasa. Katika kundi lile hakuna aliyekwenda mbali kama yeye katika kuacha picha wazi. Katika Siku ya Kiangazi ya mwaka 1879 hivi, ambayo ni mali ya jumba la National Gallery la London, wanawake wawili wako ndani ya mtumbwi kwenye ziwa la Bois de Boulogne, bustani iliyokuwa karibu na kwake. Maji yamepakwa kwa alama za kupinda kushoto na kulia, na gauni limepakwa kwa alama zilezile, hata jicho linachelewa kujua kitambaa kimeishia wapi na ziwa limeanzia wapi. Katika picha ya mwanamke anayejipamba, iliyoko Chicago, kioo cha kujitazamia hakituonyeshi uso wake. Kinaakisi vitu vya kujipambia vilivyo mezani, na chini ya kioo hichohicho Morisot ameandika jina lake. Katika kazi nyingine kingo za kanvasi zimebaki tupu bila rangi. Wahakiki walimlaumu kwamba hamalizi. Ukifuatilia michoro ya maandalizi utajua kwamba kuacha huko kulifikiriwa: kwa Mti wa Micheri ya mwaka 1891 alitengeneza michoro na majaribio mengi kwa penseli, rangi za maji na pasteli kabla ya kuanza picha kubwa. Miaka hiyo ya mwisho mistari yake ilirefuka na maumbo yakakaza, jambo lililochangiwa na mazungumzo yake na Renoir.

Unaweza kuuliza, kama alikuwa hivyo, kwa nini kitabu chako kimempa mistari miwili. Sehemu kubwa ya kazi zake ilibaki mikononi mwa familia, nyingi zikafika katika jumba la makumbusho la Marmottan mjini Paris miaka mingi baadaye. Hata wahakiki waliompenda walimsifu kwa “uanamke” wa brashi yake, sifa inayomtoa mtu kwenye mizani badala ya kumpima. Katika daftari lake aliandika kwamba hadhani amewahi kuwapo mwanamume aliyemtendea mwanamke kama mtu aliye sawa naye, na kwamba hilo ndilo pekee alilolitaka, kwa kuwa yeye alijua thamani yake. Mwaka 1892, muda mfupi baada ya Eugène kufariki, alipata maonyesho yake ya kwanza ya peke yake. Mwaka 1894 serikali ya Ufaransa ilinunua picha yake ya msichana aliyevaa nguo za dansi, kwa msukumo wa rafiki yake mshairi Stéphane Mallarmé. Mwaka uliofuata alimuuguza Julie, akaambukizwa, na tarehe 2 Machi 1895 akafariki akiwa na miaka 54. Cheti chake cha kifo kilimwandika kuwa hana kazi. Kaburi lake katika makaburi ya Passy linamtaja kama mjane wa Eugène Manet.

Wenzake hawakukubali kumbukumbu hiyo. Machi 1896, katika majumba ya sanaa ya Durand-Ruel, Degas, Monet, Renoir na Mallarmé walizitundika wenyewe kazi zake zaidi ya 300, wakibishana usiku kuhusu mahali pa kuweka kiambaza cha kutundikia michoro, naye Julie, yatima wa miaka 17, akiwatazama.

Kwa somo lako, Mwalimu, nakushauri usianze na maisha yake. Tundika chandarua darasani, mketishe mwanafunzi mmoja nyuma yake karibu na dirisha, uwape wengine rangi zote isipokuwa nyeupe, kisha uwaambie wamchore. Baada ya saa moja waonyeshe Le Berceau.